Moto wa Sanaa Ufukweni: Hesabu Ianzie Asubuhi

Usiku wa kuamkia mwaka 2019, kwenye ufukwe wa Scheveningen pembezoni mwa jiji la The Hague, Uholanzi, watu wa mtaa waliwasha mnara wa mbao walioujenga kwa mikono yao wenyewe. Makubaliano na manispaa yalikuwa kwamba mnara usizidi mita 35. Wao waliufikisha 48, sawa na jengo la ghorofa kumi na tano. Upepo ulikuwa ukielekea kwenye makazi. Mnara ulipokolea moto, cheche hazikupaa zikazimika angani kama miaka mingine; zilimwagika mitaani kama mvua, zikatua juu ya paa na magari, na wazima moto wakakesha wakizikimbiza. Kwa bahati hakufa mtu. Oktoba ya mwaka huohuo ripoti ya uchunguzi ilitoka ikiilaumu manispaa, na siku chache baadaye meya, Pauline Krikke, akajiuzulu.

Kisa hiki kinasumbua kwa sababu hakikuwa cha wahuni. Ile ilikuwa shughuli ya jamii kwa kila kipimo: haikuwa na tiketi wala mfadhili wa bia, wajenzi walikuwa vijana wa mtaani waliojitolea, na bibi zao walikuja kutazama. Hata mahali palichaguliwa kwa busara. Zamani vijana walikuwa wakiwasha mioto katikati ya barabara kila mwaka mpya, wakipambana na polisi, hadi wakubwa walipoona afadhali moto uende ufukweni, kwenye mchanga na maji, usikoweza kumdhuru mtu. Kilichoharibu ni mashindano. Jirani yao, mtaa wa Duindorp, nao ulikuwa na mnara wake, na kila upande ulitaka wa kwake uwe mrefu zaidi. Mwaka baada ya mwaka paleti ziliongezeka, na makubaliano yakawa karatasi tu.

Moto wa sanaa si kuota moto, wala si nyama choma ya Jumamosi. Watu hujenga kitu kwa wiki au miezi, sanamu, nyumba au chombo, wakakipamba na kukipenda, kisha wakakiteketeza wenyewe mbele ya umati. Raha yake iko hapo: kujenga ukijua hakitabaki. Swali ni je, jambo kama hilo linaweza kufanywa ufukweni, likarudiwa mwaka hadi mwaka, bila kumwachia mtu mwingine, au kiumbe mwingine, gharama zake? Jibu langu ni ndiyo, ila kwa kipimo kidogo kuliko wapenzi wa moto wanavyotaka, na kwa mpango unaoanzia mwisho, yaani asubuhi, kwenye majivu, na kurudi nyuma hadi siku ya kununua mbao.

Shughuli mashuhuri kuliko zote za aina hii ilizaliwa ufukweni, kisha ikafukuzwa. Juni 1986, Larry Harvey na rafiki yake Jerry James walibeba sanamu ya mtu ya mbao, urefu wake kama mita 2.4, wakaishusha Baker Beach, San Francisco, wakaichoma. Walioanza nao walikuwa wachache tu. Miali ikawavuta wapita njia, umati ukaongezeka, na inasemekana mwanamke mmoja alikimbia akaishika sanamu mkono wakati upepo umeusukuma moto upande mmoja. Mwaka uliofuata wakarudi, na uliofuata tena, na kila mara sanamu ikawa ndefu zaidi, hadi kupita mita 12. Mwaka 1990 polisi wa hifadhi waliruhusu isimamishwe lakini wakakataza isichomwe. Miezi michache baadaye sanamu ilipakiwa kwenye lori, ikapelekwa jangwa la Black Rock, Nevada, na huko ndiko Burning Man ilikokulia hadi kufikisha watu karibu 80,000.

Wengi husimulia kisa hicho kama cha wasanii walioonewa na askari. Mimi naona askari walikuwa na hoja. Sanamu ya mita 2.4 na watu wachache ni jambo ambalo ufukwe unalibeba. Sanamu ya mita 12 na mamia ya watu, chini ya majabali yenye nyasi kavu, ni jambo jingine, hata kama wachomaji ni walewale na nia ni ileile. Ufukwe una ukomo wake, na kwa kuwa mpana na mtupu machoni, ukomo huo hauonekani mpaka umepitwa.

Jangwani nako waligundua kwamba utupu unadanganya. Udongo ule, ambao awali ulionekana hauna cha kuharibika, ulikuwa ukibaki na makovu meusi ya moto. Ndiyo maana sasa sanaa inayochomwa hutandikiwa changarawe ya mawe yaliyosagika, halafu changarawe hiyo hukusanywa pamoja na majivu. Idara ya serikali inayosimamia ardhi hiyo hukagua baada ya watu kuondoka, na kipimo chake ni kikali: katika kila ekari, taka zote zikikusanywa zisifunike zaidi ya futi moja ya mraba. Watu hujipanga mstari, wakatembea bega kwa bega wakiokota. Wanachookota mara nyingi si mifuko wala chupa. Ni misumari, skrubu, vipande vya mbao na nyuzi za mapambo.

Misumari, basi. Ningeulizwa ni kitu gani kimoja kinachofanya ufukwe usirudie hali yake baada ya moto wa sanaa, ningetaja huo kabla ya moshi. Paleti, zile chaga za kubebea mizigo bandarini, ni mbao za bure kila mahali, na kila moja ina misumari kadhaa wa kadhaa. Ukichoma paleti mia, umepanda maelfu ya misumari mchangani, na mchanga haumezi: huificha, kisha siku ya bamvua huirudisha. Niliwahi kukanyaga mmoja wenye kutu kwenye ufukwe fulani kaskazini ya Dar es Salaam, wiki mbili baada ya sherehe ya watu ambao waliapa kwamba walisafisha. Kweli walisafisha. Walifukia.

Kufukia ni kosa la pili, na lina hatari yake. Makaa yaliyofunikwa mchanga hayapoi haraka. Mchanga ni blanketi. Juu panaonekana pamezimika, chini moto umelala kwa saa nyingi, na mtoto anayekimbia alfajiri hana namna ya kujua. Moto wa ufukweni huzimwa kwa maji mengi, ukakorogwa, ukamwagiwa tena hadi mkono uweze kugusa majivu bila kushtuka. Baada ya hapo majivu hubebwa. Hayaachiwi bahari.

Hapa kuna ubishi wa kweli. Wako wanaosema jenga chini ya mstari wa maji makuu, choma wakati maji yamekupwa, na bahari itafagia yenyewe. Hoja ina mvuto, na ukitumia kuni tupu, mahali penye mkondo mkali, doa jeusi kweli litaondoka baada ya maji mawili matatu. Lakini bahari haifagii, inahamisha. Makaa yanayoelea leo yatatua kesho kwenye ufukwe wa kijiji kingine, juu ya mashamba ya mwani au kwenye dema la mvuvi. Mahali pa kujenga pachaguliwe kwa kalenda ya maji, hilo nakubali: siku za maji mafu zina nafuu, kwa kuwa bahari haipandi juu sana kuja kuchukua kazi kabla haijamalizika. Lakini usafi ni wa ndoo na koleo.

Kwenye pwani yetu kuna jambo ambalo vitabu vya wachomaji wa California havina haja ya kulisema. Mtu akihofu kwamba moto utageuza mchanga kuwa kioo, mwambie alale. Mchanga wa silika huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,700 hivi, na moto wa kuni haufiki huko. Lakini mchanga mweupe wa Unguja, Diani au Mafia kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na matumbawe yakipata nyuzijoto kama 900 kwa muda mrefu huwa chokaa. Wazee wa mwambao walilijua hilo karne nyingi: walipanga magogo, wakaweka mawe ya matumbawe juu yake, wakatia moto, na kwa chokaa hiyo wakajenga Lamu na Mji Mkongwe. Rundo kubwa la moto linalokaa usiku kucha juu ya mchanga wa aina hiyo ni tanuri dogo la chokaa. Na chokaa mbichi ikikutana na maji huchemka na kuunguza ngozi. Kwa hiyo moto usikae moja kwa moja juu ya mchanga. Uinuliwe kwenye bamba la chuma lenye miguu, au utandikiwe udongo mzito ambao baadaye utaondolewa wote.

Kuhusu kinachochomwa, Valencia ya Hispania imeshatufundisha kwa gharama yake. Kila tarehe 19 Machi mji huo huchoma mamia ya sanamu kubwa ziitwazo falla, mila ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2016. Asili yake ni mbao na karatasi. Baadaye wasanii waligundua kwamba povu jeupe lile la kufungia friji na televisheni ni jepesi, huchongeka vizuri na hupokea rangi, na sanamu zikapendeza kuliko zamani. Moshi nao ukawa mweusi tii. Siku hizi baadhi yao wamerudia fito za mbao na karatasi, kazi ngumu na ya polepole, na mtazamaji mwenye jicho anaona tofauti: sanamu ya fito huwaka kwa mpangilio, mifupa yake ikionekana hatua kwa hatua, ilhali ya povu huyeyuka na kudondoka. Sanaa ya moto imo katika namna kitu kinavyoungua. Anayechagua povu amechagua sura ya mchana akaisahau ya usiku, na usiku ndio watu walioujia.

Mbao zilizopakwa rangi ya zamani huweza kuwa na risasi ndani yake. Zilizotiwa dawa ya mchwa, hasa zile za kijani za nguzo na uzio, huweza kuwa na aseniki, ambayo haiteketei, na sehemu yake hubaki majivuni. Hata magogo yanayoletwa na mawimbi, ambayo kila mtu huyaona ni kuni za Mungu, yana walakini: chumvi iliyonyonywa na mti huongeza sumu za dioksini katika moshi, na gogo lenyewe ni nyumba ya kaa na kizuizi cha mchanga. Kinachobaki si kidogo. Kuna makuti makavu, vifuu, mabua, mianzi, minazi iliyokufa. Kuna mathenge, mti vamizi ulioletwa Kenya ukageuka tishio kwa malisho ya Baringo, Garissa na Tana River. Msanii atakayejenga mnara wa mathenge atakuwa amefanya kazi mbili kwa panga moja, mradi asisafirishe mbegu zake. Mikoko haiguswi. Badala ya msumari kuna kamba ya usumba na vigingi vya mti, na pwani iliyoshona vyombo vyake kwa kamba kwa karne nyingi haiwezi kudai haijui kufunga mbao bila chuma.

Hewa ya ukaa huulizwa mapema kwenye kila mkutano, na jibu lake hufupika. Tani moja ya mbao kavu ikiungua yote hutoa karibu tani 1.8 za hewa hiyo, ambayo mti uliivuta ulipokuwa hai. Si bure, lakini si hapo penye mzigo. Burning Man walipopiga hesabu yao walikuta kwamba zaidi ya tisa ya kumi ya uchafuzi wa hewa ya ukaa hutokana na safari za kwenda na kurudi. Moto wa sanaa unaovuta watu kwa ndege hauwi endelevu kwa kuchagua kuni nzuri. Wa kijiji, ambao watu huujia kwa miguu, baiskeli na daladala, umeshashinda sehemu hiyo kabla kiberiti hakijawashwa.

Neno lenyewe jamii linahitaji kutazamwa pia. Jamii ya nani? Machi 2015 msanii wa Marekani David Best, aliyezoea kujenga mahekalu ya mbao jangwani Nevada, alialikwa Derry, Ireland ya Kaskazini. Mji ule una moto wa kila mwaka, tena wenye uchungu: kambi za Waprotestanti na Wakatoliki hurundika paleti na matairi, zikachoma bendera za wenzao. Best na wenyeji, vijana wa pande zote mbili, walijenga hekalu la mbao zilizokatwa kama nakshi. Maelfu ya watu waliingia wakaandika majina ya marehemu wao na mambo waliyotaka kuyaacha, kisha likachomwa. Kwa wale vijana moto haukuwa kitu kigeni. Walikuwa mafundi wa moto tangu utotoni. Kilichobadilika ni nani aliyealikwa kusimama karibu nao. Mwandaaji anayekuja na wazo lake kutoka mbali, akawapa wenyeji kazi ya kubeba na kufagia tu, hajaandaa moto wa jamii hata akiuita hivyo kwenye bango.

Na sisi hatuhitaji kuazima wazo hili lote. Kila Julai huko Makunduchi, kusini ya Unguja, watu hukoga mwaka. Wanaume hupigana kwa mapande ya migomba wakimaliza vinyongo, wanawake huimba wakiwa wamejipamba, kisha kibanda cha makuti huwashwa moto na waliomo ndani hutoka mbio. Baadaye watu huelekea pwani kula na kucheza. Mwaka Kogwa si maonyesho ya sanaa na singependa ugeuzwe kuwa hivyo. Una imani yake na wenye nao. Lakini tuutazame kama kazi ya uhandisi. Kibanda ni kidogo. Makuti yanatoka kwenye minazi ya hapohapo. Moto huwaka kwa ghadhabu dakika chache, ukaisha. Silaha za vita ni migomba, na kesho yake ni mboji. Sherehe hiyo imerudiwa vizazi na vizazi, na hakuna aliyewahi kuhitaji mnara wa mita 48 ili aamini kwamba mwaka umegeuka.

Pwani yetu ina mtu wa tatu pia, ambaye hahudhurii vikao: kasa. Hutaga usiku, mayai hukaa chini ya mchanga karibu miezi miwili bila alama yoyote juu, na makinda wakitoka huufuata mwanga, kwa kuwa kwa kawaida upeo wa bahari ndio unaong'aa zaidi usiku. Moto mkubwa nyuma yao huwapeleka kinyume. Palipo na viota, kama Watamu au kisiwa cha Juani huko Mafia, moto wa sanaa usifanywe kabisa msimu wa kutaga na kuangua. Kwingineko, wa kwanza kuulizwa awe kikundi cha usimamizi wa mwambao na wavuvi wanaolala hapo, kabla ya ofisi yoyote yenye mihuri. Wao wanajua mahali kasa anapopanda, saa ambayo upepo wa kusi hulegea, na njia ya kupitisha lori bila kukata mizizi ya mvinje inayoshika mchanga.

San Francisco yenyewe ilirudi kwenye suala hili kwa unyenyekevu. Huko Ocean Beach, ufukwe mwingine wa mji uleule uliowafukuza wachomaji, mioto ya ovyo na misumari ya paleti ilikaribia kuleta marufuku kamili. Mwaka 2007 mamlaka ya hifadhi, wachezaji wa mawimbi na watu waliotokana na Burning Man walikubaliana kuweka mapete ya moto yaliyobuniwa na wasanii. Leo moto unaruhusiwa ndani ya mapete tu, kuanzia Machi 1 hadi Oktoba 31, na mwisho ni saa 3:30 usiku. Mbao zenye misumari hazitakiwi, na siku ambazo hewa ya jiji ni chafu moto hauwashwi. Katika mpango huo sanaa haikuchomwa. Sanaa ndiyo iliyobeba moto. Mtu wa Burning Man atasema hilo limepoozwa. Kwa ufukwe wa mjini unaotembelewa kila siku, mimi nasema ndiyo suluhu bora niliyoiona, na manispaa za Mombasa, Tanga na Dar es Salaam zingeweza kuijaribu kwa pesa ndogo: mafundi vyuma wapo, mapipa ya zamani yapo.

Kwa wanaotaka kujenga na kuchoma, mara moja kwa mwaka, kibali kitolewe kwa masharti machache yasiyojadiliwa. Urefu usizidi wa mnazi mchanga, na upimwe jioni na mtu asiye mjenzi. Umbali hadi jengo au paa la makuti lililo karibu uwe wa kutosha hata upepo ukigeuka, na kuwe na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema leo hatuwashi, bila kuzomewa. Wapiganaji wa urefu wapewe shindano jingine: kundi litakaloondoka likiwa limeacha misumari michache zaidi ndilo lianze kuchagua mahali mwaka ujao.

Na kabla ya kupiga muhuri, afisa aulize swali moja: nani atakuwa hapa saa kumi na mbili asubuhi, na ndoo ngapi, koleo ngapi, sumaku ngapi za kuokotea vyuma? Akitajiwa majina na idadi, atie saini. Akijibiwa kwamba watu watajitolea, arudishe karatasi. Scheveningen na Duindorp walipoomba tena mwishoni mwa 2019 hawakupata kibali, na mwaka 2020 uliingia ufukweni kwao bila moto.